Foti-Faivu na Njia za Mkato

Usiku wa tarehe 30 Juni 2019 nilichomoa waya wa kompyuta nikidhani naiokoa.

Kama umewahi kuishi Githurai 45, hiyo tarehe unaijua. Ni siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA. Sisi Wakenya hupewa miezi sita ya kuzijaza, lakini mapenzi yetu yote yako kwa hiyo siku moja. Saiba niliyokuwa nafanya kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu vya mtumba, karibu na steji. Kompyuta nane, printa moja, na foleni iliyoshuka ngazi ikafika chini kwa mama wa mahindi choma. Kila mtu ameshika karatasi yenye PIN yake, hakuna anayekumbuka nywila.

Chini ya meza ya mwenye saiba palikuwa na mashine ya tisa ambayo wateja hawakuigusa. Hiyo ndiyo iliyogawia zile nane intaneti na kuhesabu dakika za kila mtu, bob moja kwa dakika. Haikuwa na kipanya wala picha. Ukiiwasha unapata kioo cheusi na maandishi meupe tu, unaandika amri, unabonyeza Enter, inatii au inakukemea. Wenye kazi yao huita hiyo terminali.

Saa tatu usiku, orodha ya mashine zilizounganishwa ilikuwa inapita kwenye kile kioo, na mwenye saiba alikuwa ameniachia niitazame. Nikaona nambari isiyoeleweka. Nikataka kuihifadhi nimwonyeshe, na vidole vikaenda vyenyewe walikozoea kwenda kwenye Word: Ctrl+S.

Kila kitu kikaganda. Orodha ikasimama. Nikabonyeza Enter, kimya. Nikabonyeza vitufe vyote, kimya. Kwa kichwa changu seva ilikuwa imehangi, na watu thelathini walikuwa nyuma yangu. Nikainama, nikachomoa waya ukutani.

Kelele iliyofuata sitaisahau. Kwa sababu seva haikuwa imehangi. Intaneti ilikuwa inaendelea vizuri kabisa hadi nilipoikata mimi. Watu wanane waliokuwa katikati ya ritani zao wakarudi mwanzo, na mmoja alikuwa amekaa pale saa nzima. Mwenye saiba akapanda ngazi mbio, akasikiliza hadithi yangu, akashika kichwa.

"Kijana," akaniambia, "si ungebonyeza tu Ctrl+Q."

Wateja wa usiku huo hawakulipa. Mimi sikukatwa mshahara, ambao nao haukuwa wa kukatwa. Aliniambia nije kesho mapema nijue hicho kitufe kilitoka wapi.

Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda. Mathe huuza sukuma na viazi kando ya reli, pale ambapo treni ya Ruiru ikipita watu huinua magunia, ikishapita wanayarudisha. Alikuwa amechanga kila senti. Nilipomwambia sirudi, kwamba nitajifunza kompyuta saiba, alinyamaza, halafu akasema: "Wewe unatafuta njia ya mkato. Na njia ya mwongo ni fupi." Methali hiyo ilinikaa kifuani kama mfupa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilipopanda zile ngazi nilikuwa na swali langu la pembeni kuhusu njia za mkato, ambalo sikumwambia mtu.

Jibu lilianza na mashine ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Mwaka 1963 ilitoka Marekani mashine iliyoitwa Teletype Model 33. Ifikirie kama taipureta nzito iliyounganishwa na waya. Ukiandika huku, maandishi yanaenda kwa kompyuta. Kompyuta ikijibu, ile mashine inachapa jibu kwenye karatasi, herufi kumi kwa sekunde. Hakukuwa na skrini. Sentensi hii unayoisoma ingechukua sekunde kadhaa kuchapwa, na ukikosea huwezi kufuta wino.

Nyingi zilikuwa pia na kisoma utepe, utepe wa karatasi wenye matundu ambapo kazi ilihifadhiwa. Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nafasi ya kuweka mengi kwa mara moja, hivyo utepe ukienda kasi kuliko kompyuta, herufi zinapotea. Suluhisho likawa ishara mbili: moja ya kusema "simama kwanza", nyingine ya kusema "haya, endelea". Ya kwanza ni Ctrl+S. Ya pili ni Ctrl+Q.

Yaani ile Jumapili usiku sikuwa nimeua seva. Nilikuwa nimeiambia isimamishe kuchapa, nayo ikanitii kama mtoto mzuri. Amri ilitengenezwa kwa ajili ya utepe wa karatasi huko Marekani, na zaidi ya miaka hamsini baadaye ilikuwa inafanya kazi ghorofani Githurai, bila utepe na bila karatasi.

Ukishajua hilo, kibodi yako haiwezi kubaki vile ilivyokuwa. Mwaka huo huo wa 1963 ulichapishwa mpango wa ASCII, orodha ya nafasi 128 inayoipa kila herufi namba yake. Nafasi 32 za mwanzo sio herufi, ni maagizo kwa mashine. Kitufe cha Ctrl kinachukua herufi na kuigeuza agizo lenye namba yake katika alfabeti. G ni ya saba, na agizo la saba ni kupiga kengele; teletaipu ilikuwa na kengele ya chuma ndani. L ni ya kumi na mbili: sukuma karatasi hadi ukurasa mpya. Leo Ctrl+L inasafisha kioo, na ni ukurasa mpya ule ule. D ni ya nne: mwisho wa utumaji. Ndiyo maana ukibonyeza Ctrl+D kwenye terminali tupu inakuaga na kufunga. C ni ya tatu, mwisho wa maandishi, nayo siku hizi ndiyo tunayotumia kukatiza programu iliyokataa kuisha. Hesabu kwa vidole, itakubali.

Teletaipu nayo ilirithi tabia za telegrafu, na telegrafu tunaijua hapa kwetu. Mwaka 1879 waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Durban. Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa bei ya kuumiza. Wafanyabiashara wa dunia nzima wakawa na vitabu vya misimbo, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima kuhusu bei, meli na mzigo. Hawakuwa wavivu wa kuandika. Walikuwa wanahesabu pesa.

Uchumi huo ndio uliowalea watu wa Unix. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoianza mwaka 1969 huko Bell Labs, walikuwa wakiandika kwenye teletaipu, ambayo kila herufi yake ni kazi ya kidole na sauti ya nyundo. Ndiyo sababu amri zake ni fupi hivi: ls ya kuorodhesha, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha. Kwa kuwa huwezi kufuta kwenye karatasi, walitumia alama ya # kusema "herufi iliyopita usiihesabu", na @ kusema "mstari huu wote achana nao". Karatasi ilibaki na makosa yako yote, lakini kompyuta ilielewa.

Skrini zilipokuja, uhaba haukuisha. Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, aliandika programu ya vi mwaka 1976, na nyumbani alikuwa na modemu iliyopitisha herufi kama thelathini tu kwa sekunde. Kwa hiyo kila amri ya vi ni herufi moja au mbili. Mashine aliyotumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale imechorwa juu ya H, J, K na L, na ndiyo maana hadi leo vi husogea kwa herufi hizo. Kitufe chake cha kurudi nyumbani, kilichoandikwa Home, kilikuwa pamoja na alama ya ~. Ndiyo maana kwenye terminali ~ maana yake ni nyumbani kwako, folda yako. Tunaandika alama iliyokuwa kwenye plastiki ya mashine ambayo haiuzwi tena.

Huyo Joy ndiye aliyeandika pia csh, programu ya kupokea amri, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo ilikumbuka ulichoandika. Ukiweka !! inarudia amri ya mwisho. Ukisahau kuomba ruhusa ya mkubwa, unaandika sudo !! na mambo yanaenda.

Upande mwingine wa Marekani, MIT, mwaka huo huo wa 1976 Richard Stallman na wenzake walikuwa wameanza Emacs. Huko ndiko zilikotoka nyingi ya zile ambazo mwenye saiba alinifunza siku hiyo, kwa sababu Brian Fox alipoandika Bash mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, alifuata vidole vya watu wa Emacs. Ctrl+A inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl+E mwisho wake. Ctrl+K inakata kuanzia ulipo hadi mwisho, Ctrl+Y inabandika ulichokata. Ctrl+W inafuta neno moja nyuma, Ctrl+U inafuta kila kilicho nyuma yako hadi mwanzo wa mstari. Tab inakumalizia jina refu la faili. Na mkubwa wao, Ctrl+R: andika herufi tatu nne za amri uliyowahi kuandika, hata kama ni ya juzi, nayo inarudi nyuma kuitafuta.

Hapa ndipo hadithi ya Ctrl+S inapokamilika. Kwa watu wa Emacs, Ctrl+R ni kutafuta ukirudi nyuma na Ctrl+S ni kutafuta ukienda mbele. Bash inazijua zote mbili. Lakini Ctrl+S haiifikii Bash; teletaipu ya 1963 inaidaka njiani na kusimamisha kioo. Historia mbili zinagombania kitufe kimoja na ya zamani inashinda. Ukitaka kuitoa mlangoni, andika stty -ixon. Mwenye saiba hakuwahi kuiandika. Alisema amezoea.

Nilimuuliza alizoea lini, maana hakuna aliyemfunza shuleni. Ndipo akaniambia kuhusu setilaiti.

Saiba yake aliifungua 2006. Wakati huo Kenya haikuwa na waya wa intaneti chini ya bahari. Mawasiliano na dunia yalipanda hadi setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka Ulaya au Marekani, kisha jibu likapanda tena na kushuka tena. Fanya hesabu: kilomita zaidi ya laki moja na arobaini, na mwanga wenyewe hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde. Karibu nusu sekunde inaisha angani tu, kabla ya foleni zingine za njiani. Yeye alikuwa akitunza tovuti za watu kadhaa zilizokaa kwenye seva za ng'ambo. Alikuwa anabonyeza herufi, anasubiri ionekane. Herufi inaenda ng'ambo na kurudi ndipo aione. Akikosea neno la mwanzo kwenye mstari mrefu, kurudi herufi moja moja ni safari arobaini za angani. Ctrl+A ni safari moja.

"Hizi vitu hazikuwa maujanja," aliniambia. "Nilikuwa nalipia hewa."

Linux yenyewe ilimfikia kwa posta. Ubuntu ilipoanza 2004 ilikuwa na huduma ya kutuma sidii bure popote duniani, iliyodumu hadi 2011. Kupakua mafaili ya ukubwa huo kwa setilaiti ingekuwa kichekesho. Yeye alijaza fomu, akangoja wiki kadhaa, bahasha ikafika. Bado alikuwa na kifuko kimoja cha karatasi kwenye droo, pamoja na risiti za stima.

Mwaka 2009 mambo yakageuka. Mwezi Juni waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa, na Julai ule wa SEACOM ukawashwa. Mwaka huo huo matingatinga yalikuwa yameingia Thika Road kuichimbua, hadi ilipofunguliwa Novemba 2012 na njia zake pana. Faiba chini, lami juu. Safari ya nusu saa ikawa dakika, nusu sekunde ikawa kitu kisichoonekana. Vidole vya mwenye saiba havikujua kwamba vita vimeisha. Vikaendelea kuruka mwanzo wa mstari kama zamani.

Nikiwaza hayo ndiyo nikaanza kuona kwamba sisi wa Githu tulikuwa na haki ya kurithi hivi vitufe kuliko watu wengi. Jina letu lenyewe ni njia ya mkato. Upande ule wa Thika Road ni 44, upande huu ni 45, na hizo ni namba za matatu. Makanga akipaza sauti "foti-faivu!" hajataja barabara, roundabout wala kaunti, na kila mtu anajua anashukia wapi. Kwenye terminali kuna amri inaitwa alias, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo: kuipa safari ndefu jina fupi.

Na terminali tunayo mfukoni. Jioni moja nilikuwa kwa kibanda cha mathe, nikamwona anamtumia dada yangu kredo. Hakufungua menyu yoyote. Kidole gumba kikaenda: *140*20*, namba ya simu, #. Hata hakuangalia simu. Alikuwa anabishana na mteja kuhusu bei ya viazi.

"Mum, hiyo umeandika ni amri," nikamwambia. "140 ndiyo kazi, 20 ni kiasi, halafu wa kupokea. Hiyo ndiyo ninayofanya saiba."

"Hii ni sambaza."

"Mbona hukupitia menyu?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona anapumua. "Menyu ni ya mtu asiyejua anataka nini."

Nimeifikiria hiyo sentensi kuliko mhadhara wowote nilioukalia chuo. Njia ya mwongo ni fupi kwa sababu inaruka kazi. Ukiifuata unafika mwisho wake ghafla na huna pa kukanyaga. Lakini kuna ufupi mwingine, wa mtu aliyepita njia ndefu mara nyingi hadi akajua pa kukatia. Mathe alipitia menyu mara mia kabla ya kidole chake kujua. Joy alihesabu herufi, mwenye saiba alihesabu nusu sekunde, na mteja wetu wa bob moja kwa dakika alihesabu pia. Nimeona watu wakiandika barua ya kazi kwenye karatasi nje, kwa ngazi, ndiyo waingie kuichapa tu. Sijui kama hilo linamjibu mathe kuhusu chuo. Karo bado ni karo, na cheti sina. Lakini niliacha kujiona mwongo.

Siku hiyo ya Jumatatu, kabla hatujafungua, mwenye saiba aliandika history. Ndiyo, ni amri. Inakuonyesha ulichowahi kuandika, mstari kwa mstari, na namba zake. Tulitafuta usiku wa jana. Haukuwepo. Ijumaa ilikuwepo, Jumamosi ilikuwepo, Jumapili jioni hakuna kitu.

Alinieleza: Bash hushika amri zako kichwani wakati unafanya kazi, na huziandika kwenye faili ukiiaga. Ukichomoa waya, haijaagwa. Kila alichokuwa ameandika siku nzima kilikwenda na stima.

Corona ilipokuja saiba ilikaa kimya miezi mingi, na 2021 akaifunga. Kompyuta nane akaziuza. Ya tisa hakupata mnunuzi, akanipa mimi, nikaibeba kwa mkokoteni hadi kejani. Ninaiandikia kazi zangu hadi leo, na hii pia. Wiki ya kwanza nilifungua lile faili, .bash_history, nikitaka kusoma miaka yake yote: setilaiti, sidii za posta, zile tovuti za ng'ambo. Lilikuwa na mistari 500. Bash ukiiacha ilivyo haiweki zaidi ya hapo; mstari mpya ukiingia, wa zamani kabisa unatolewa. Mistari yote ilikuwa ya miezi yake ya mwisho, na mingi ilikuwa amri moja tu, ya kuangalia kama kuna mteja aliyeunganishwa.

Nimeibadilisha ile namba. HISTSIZE ukiipa -1 haitupi kitu tena. Lakini ya 2006 haipo, na usiku wa tarehe 30 Juni haupo. Nimeyaandika hapa.